Vipande Sita Vilivyobaki Maabara

Jumatano ya kwanza baada ya Pasaka, saa nne asubuhi, nilimpoteza mke wangu katika wadi ya wanawake hapa Nakuru. Nilikuwa nimeingia na chupa ya uji. Muuguzi aliitoa mkononi mwangu, akaiweka chini, ndipo nikajua.

Tumbo lilimsumbua miaka minne. Kliniki za Bondeni, tunakoishi, zilimtibu taifodi, kisha amiba, kisha taifodi tena. Alipoanza kuhara damu na nguo zake zote kuwa kubwa, tulitumwa hospitali kuu, wakamwingiza kamera. Daktari alisema huo si ugonjwa wa kuambukizwa. Kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikichoma utumbo.

Siku hiyo ya kamera alikuja binti mmoja wa utafiti, mpole, koti lake jeupe lina doa la wino mfukoni. Aliomba vipande sita vya utumbo, kila kimoja kama punje ya wimbi. Alisema utando wa ndani ya utumbo una unene wa chembe hai moja tu. Mimi ni seremala, nimepiga randa mbao za Elburgon tangu ujana wangu, na unene huo sikuweza kuuwaza. Upande mmoja chakula na vijidudu, upande wa pili damu, na hapo hapo chembe za kinga zinaamua kipi kiachwe na kipi kipigwe. Walitaka kujua kwa nini za mke wangu hazikuacha kupigana.

"Na zinapigana na nini?" mke wangu akauliza.

"Hicho ndicho tunachotafuta, mama."

"Basi chukueni. Mkizipata, mziambie mimi si adui."

Binti alicheka, akanipa fomu nimsomee, maana miwani ya mke wangu ilibaki nyumbani.

Sitaficha nilichofanya. Fomu ilikuwa ya Kiswahili, kurasa tatu. Ukurasa wa pili ulisema kwamba vipande havitarudishwa. Mstari huo niliuona, nikauruka. Kwao, huko magharibi ya nchi, mtu huzikwa na viungo vyake vyote. Babu yake alikatika vidole viwili akiunganisha mabehewa ya reli. Vidole vile vilizikwa nyuma ya nyumba, na alipofariki, miaka mingi baadaye, udongo wa pale ulichotwa ukawekwa naye kaburini. Nilijua mke wangu angekataa. Niliogopa kwamba akikataa, madaktari hawatamshughulikia tena kama mwanzo. Hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Niliwaza mwenyewe.

"Na watarudisha?" aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo. Akatia sahihi.

Alhamisi, siku moja baada ya kifo, mama yake alifika. Katika desturi yao mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja wala hawatazamani usoni. Miaka kumi na tisa tulisalimiana mmoja akiwa ndani, mwingine nje. Siku hiyo alikuja mwenyewe karakana yangu, ambako nilikuwa natengeneza jeneza. Alisimama nje ya mlango, amenipa mgongo.

"Baba, mwanangu aliniambia kwa simu walimkata huko ndani."

"Vipande vidogo, mama."

"Akasema wewe ulimwambia vitarudi."

"Nilimwambia."

"Basi viende naye."

Kisha akaenda. Nilichukua masalio ya mbao za msaiprasi nikatengeneza kisanduku kidogo kama kiberiti, chenye kifuniko cha kusukuma, nikakigongomea ndani ya jeneza, upande wa tumbo.

Ijumaa nilifika maabara kabla hawajafungua. Yule binti alinikumbuka. Nilipomwambia kilichonileta, alivuta kiti akakaa karibu nami. Alieleza polepole. Vipande vitano viliwekwa siku ile ile katika dawa vuguvugu hadi vikayeyuka, ili chembe za kinga ziachane. Zikatiwa rangi, zikapitishwa kwenye mashine moja moja mbele ya mwanga, zikahesabiwa. Mabaki yaliteketezwa.

"Hivyo ni vitano," nikasema.

Alifungua droo akatoa kipande cha nta, kama kipande cha sabuni kilichokaribia kuisha. Katikati palikuwa na kidoa, ndicho kipande cha sita.

"Naweza kwenda nacho?"

"Sina ruhusa, mzee. Kuna kamati. Itakaa mwezi ujao."

"Tunazika kesho."

"Najua. Pole sana."

Alinionyesha kwenye kompyuta picha ya kile kidoa. Vilikuwa vitone vya zambarau, vimesongamana kama watu nje ya mlango uliofungwa. Akasema hizo ndizo chembe za kinga, na ni nyingi kuliko inavyotakiwa. Nilimuuliza kama wamejua zilikuwa zinapigana na nini.

"Bado," akasema.

Nta ikarudi kwenye droo.

Jumamosi tulimpeleka nyumbani kwetu, mbele ya Elburgon. Jeneza liliwekwa sebuleni. Watu walipotoka nje kupanga viti, nilibaki ndani na bisibisi ya kufungia kifuniko. Mama mkwe akaingia. Nilitaka kutoka, lakini yeye ndiye aliyekuwa mlangoni.

"Mama, sikuja navyo," nikasema nikiangalia sakafu. "Vitano vimeteketezwa. Kimoja hawana ruhusa kunipa. Na fomu ilisema havirudi. Mimi ndiye niliyeisoma, nikauruka huo mstari. Yeye hakujua."

Alipita mbele yangu, akaingiza mkono chini ya shuka, pembeni mwa kiuno cha mtoto wake, akatafuta kwa vidole hadi akakipata kisanduku. Nilisikia kifuniko kikisukumwa. Vidole vyake vilipapasa humo ndani, mlimokuwa mtupu. Kisha nikasikia kifuniko kikirudishwa, akautoa mkono, akaitengeneza shuka.

"Funga," akasema, uso wake ukutani.

Nikafunga.