Kata, Upige Baada ya Dakika Kumi

Zamani, mtu aliyeondoka mtaani kwetu kwenda kutafuta maisha alibeba nguo zake, picha mbili tatu na namba moja ya simu. Namba hiyo ilikuwa ya Mama Haloo.

Simu yake aliiweka katika chumba cha mbele, ambacho marehemu mumewe alikijenga kwa nia ya kuuza mafuta ya taa. Mume alipofariki, mjane akaomba laini, akaingoja mpaka watu wakaanza kumcheka. Siku ilipoletwa, akaitandikia simu kitambaa cha kufuma, akaweka benchi refu kwa wanaongoja, saa ukutani, na kando ya saa kioo kidogo. Kioo hakikuwa pambo. Watu waliokuja kuongea na wapenzi wao walipenda kujitazama kwanza. Mke wa jirani, ambaye mumewe alikuwa akichimba madini nchi ya tatu kutoka kwetu, hakuwahi kushika mkono wa simu bila kujipaka poda. Na mzee wa nyumba ya mlango wa bluu aliwahi kumwinua mjukuu wake mchanga mbele ya simu ili baba yake huko aliko amwone.

"Anamwona?" akauliza.

"Anamsikia," akajibu Mama Haloo.

"Basi mwambie kafanana na mimi. Asije akasahau."

Walioondoka walikuwa wengi, na waliondoka karibu kwa wakati mmoja. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa. Vitambaa vilianza kuja kwa meli, vizuri, vyepesi, rahisi kuliko hata uzi tuliokuwa tukisokota wenyewe, na haikuchukua muda mashine zikanyamaza. Wafuma nguo wakatawanyika kama watu waliotoka msibani, kila mmoja na njia yake: huyu machimboni, huyu kwenye mashamba ya nyanya ya nchi za baridi, yule kulea watoto wa watu katika majumba yenye madirisha yasiyofunguka. Mwana pekee wa Mama Haloo, aliyekuwa akipaka mafuta mashine za kiwandani, akaenda kupaka mafuta injini za meli zilezile zilizoleta vitambaa.

Kupiga simu kutoka mbali wakati ule kulikuwa ghali, mtu alilipia hata pumzi. Kwa hiyo Mama Haloo alikuwa na utaratibu wake. Simu ikilia, aliyepiga alitaja nyumba tu, wala hakujisumbua na salamu. Mara nyingi hata neno halijamwisha mdomoni, Mama Haloo alishamkatiza: "Kata, upige baada ya dakika kumi, nakwenda kumwita." Kisha mtandio begani, ndala miguuni, mbio. Akifika mlangoni kwa mtu alisema neno moja, "Simu!", na mtu huyo alitoka hata kama alikuwa anaoga. Tumeona watu wakipokea simu wakiwa na povu masikioni. Wenyewe wakianza kuongea, yeye alitoka nje na kusimama akiwa amewapa mgongo, na alichokisikia hakikuwahi kuonekana usoni mwake.

Simu moja tu haikumwondoa kitini, nayo ni ya mwanawe. Kijana alipenda kuanza kwa utani: "Haloo, Mama Haloo!" Nyuma yake zilisikika kreni, ndege wa baharini, au wanaume wakigombana kwa lugha isiyojulikana. Mara moja alipiga akiwa na furaha kuliko kawaida.

"Mama, unajua safari hii tumebeba nini? Simu."

"Simu za nini?"

"Za watu! Ndogo kama kipande cha sabuni. Kontena juu ya kontena. Kila mtu atatembea na yake mfukoni."

"Na majumbani nani atakayewaita?"

"Haitwi mtu tena, mama. Kila mtu atajiitikia mwenyewe."

Wakacheka wote wawili. Haukupita muda mrefu zikafika, ndogo kama alivyosema. Benchi likaanza kupata nafasi, kisha likawa tupu, kisha Mama Haloo akaanikia nguo juu yake.

Mara ya mwisho kupiga, kijana hakutania. Kampuni ya meli ilikuwa imefilisika, na mabaharia wameachwa bandarini katika nchi ambayo hakuna aliyekuwa akiwadai wala kuwatambua. "Nimeshuka melini, mama. Naingia bara kutafuta kazi. Nikitulia nitapiga."

"Utatulia lini?"

"Nikitulia. Wewe usihame hapo tu."

"Nihamie wapi mimi? Sihami."

Simu ikakatika. Watu wa mtaa walihesabu miaka, kisha wakaacha kuihesabu mbele yake. Wengine walinong'ona kwamba kijana amekufa, wengine kwamba ameona aibu ya kurudi mikono mitupu, na kwa namna fulani hao wa pili ndio waliomuumiza zaidi. Yeye aliendelea kulipia laini ambayo haikuwa ikimwingizia hata senti. Kila asubuhi aliinua mkono wa simu, akasikiliza ule mlio wake wa kuonyesha kwamba ni nzima, akaurudisha taratibu kama anayemfunika mtoto.

Binti wa dada yake alimletea simu ya mkononi na kumfundisha kuitumia. "Mama mkubwa, siku hizi watu wote wa dunia wamo humu ndani."

"Basi mtoe mwanangu."

Binti akatafuta. Alitafuta kwa jina, kwa picha, kwa jina la meli. Alipata wanaume chungu nzima wenye jina lile, wanene, wembamba, mmoja na farasi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa yeye. Mama Haloo alitazama kila uso bila kuharakisha. Mwisho akamrudishia simu, akasema macho yanamuuma.

Kisha likaja tangazo kwamba waya za zamani zinaondolewa. Binti akaenda ofisini kuomba namba ile ihamishiwe kwenye simu ya mkononi, akazungushwa meza hii na ile, akarudi jioni amechoka. "Haiwezekani, mama mkubwa. Wanasema namba hiyo inakufa pamoja na waya wake."

Siku yenyewe fundi wa laini alifika asubuhi, kijana mpole aliyebeba ngazi na mkanda wa vyuma kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunizika?"

"Jamani, mama. Nimekuja kutoa waya tu."

"Ni kazi ileile. Kaa unywe chai kwanza."

Akakaa, akanywa. Akaeleza bila kumficha kwamba namba itafungwa kituoni saa sita mchana, na yeye haifungi, kazi yake ni kukusanya waya zikishakufa. Mama Haloo akamwomba jambo moja: asiuguse wa kwake mpaka hiyo saa sita ipite. Fundi akakubali, akaenda kuanzia nguzo ya mwisho wa mtaa.

Mama Haloo akachana nywele. Akajitazama katika kioo kile cha wateja, labda kwa mara ya kwanza kwa haja ambayo kiliwekewa. Akakaa. Mshona viatu wa ukuta wa pili, ambaye mtaa mzima unamwita Gundi, akamchungulia.

"Mama Haloo! Umejipamba hivyo, unamngoja bwana?"

"Bwana nilishamzika. Namngoja mtu wa kukununulia meno."

"Akija mwambie nataka ya mbele. Ya nyuma hayaonekani."

Saa sita ilikuwa karibu kabisa simu ilipolia.

Mlio ule ulikuwa haujasikika mtaani muda mrefu kiasi kwamba Gundi aliacha nyundo hewani. Mama Haloo akainua. Mvumo mzito, kama mvua juu ya bati la mbali, kisha sauti ya mwanaume, nzito, yenye uchovu, ya mtu ambaye mdomo wake umezoea lugha nyingine.

"Haloo? Samahani... mama yupo?"

Hapo ulimi wa Mama Haloo ukamtangulia. Kwa miaka yote ile ya kukimbia, mtu akimuulizia mama yake kutoka mbali, jibu lilikuwa moja, na lilitoka lenyewe kama mguu unavyojua ngazi za nyumbani gizani.

"Kata, upige baada ya dakika kumi, nakwenda kumwita!"

"Haya," ikasema sauti. "Asante, mama." Aliisema kama mtu anavyomshukuru mwanamke mzima asiyemfahamu. Akakata.

Mtandio begani, ndala miguuni. Alikuwa ameshashuka barabarani Gundi alipomwita.

"Unakimbilia wapi?"

"Kumwita."

"Kumwita nani?"

Akasimama. Akautazama mtaa. Nyumba ya mlango wa bluu ilikuwa imegeuzwa duka la vifaa vya simu. Mke wa mchimba madini alifariki na poda yake. Wengine walichukuliwa na watoto wao, na waliobaki walikuwa na simu mifukoni, wakiitwa na kuitikia wenyewe. Akazipita nyumba zote kwa macho, mlango kwa mlango, mpaka macho yakarudi kwenye mlango aliotoka. Hakukuwa na mama mwingine wa kutafutwa kwa namba ile.

"Mungu wangu," akasema. "Kumbe ni mimi."

Alirudi mbio kwa namna ambayo hatukuwahi kumwona akikimbia. "Gundi! Mfuate fundi! Mwambie asubiri, mwambie wasifunge!" Gundi, ambaye mguu wake mmoja hauna nguvu, akaenda akichechemea na kiatu cha mteja mkononi. Fundi akaja mbio, vyuma vikilia kiunoni. Akainua mkono wa simu, akasikiliza, uso ukambadilika. Akatoa simu yake ya mfukoni, akapiga kituoni, akaomba, akapaza sauti, akaishusha tena, akaomba. "Dakika kumi tu, ndugu yangu. Kumi tu." Kisha akasikiliza.

"Wanasemaje?" akauliza Mama Haloo.

"Hakuna wa kuombwa, mama. Ilipangwa kwenye mtambo. Saa sita imefika, umejifunga wenyewe, na kuufungua mpaka kibali kitoke nje ya nchi."

Mama Haloo akakaa kwenye benchi, upande wa wanaongoja. Alikuwa anaitazama saa.

"Sasa hivi anapiga," akasema.

Gundi akafika akichechemea, kiatu cha mteja bado mkononi.

"Huko aliko, anasikia nini?"

Fundi akafuta mikono kwenye suruali. "Anasikia mwanamke anamwambia namba hii haipo."

"Kwa lugha yetu?"

"Kwa lugha yetu, halafu kwa ya kigeni."

"Ataelewa zote mbili," akasema, na ndipo sauti yake ilipokatika. "Nilimwambia akate. Mwanangu msikivu, tangu mdogo. Nikamwambia akate, na akakata."

Binti wa dada yake alirudi ofisini, safari hii hakukubali kuzungushwa. Wakampa jibu: simu ile ilipita katika mitambo ya nchi kadhaa kabla ya kufika kwetu, na ilipofika haikuwa na namba wala jina. Dunia ilikuwa imeunganishwa kila mahali, alisema binti, ila hapo tu.

Fundi hakutoa waya siku ile. Alirudi baada ya siku kadhaa, akaukunja kimyakimya, na kipande kilichoingia ndani ya chumba akakiacha kilivyo, kikining'inia ukutani.

Gundi amejaribu kumfariji kwa njia yake. "Labda alikosea namba, Mama Haloo. Watu wanakosea kila siku."

"Aliyekosea ni mimi," hujibu. "Mtu wa kukosea namba huuliza hapo ni wapi. Yeye hakuuliza."

Lakini kuna siku nyingine, hasa akiwa na homa, humgeukia yeye Gundi na kumuuliza: ile sauti, ilikuwa yake kweli? Mbona sikuijua? Mama gani haijui sauti ya mwanawe? Na Gundi, mtu asiyekosa neno, huendelea kupiga misumari.

Binti amemwomba mara nyingi ahamie kwake, kwenye vyumba vyenye maji ya bomba na kitanda kinachomngoja. Hataki kusikia. Hana laini, hana mteja, na watu wapya wa mtaa hawajui kwa nini anaitwa Haloo. Asubuhi hufungua mlango wa chumba cha mbele, hufagia, hukaa kwenye benchi. Mgeni akionekana mwisho wa barabara, mwanaume mwenye begi, anayesoma milango kama mtu aliyepoteza kitu, husimama.

Mgeni hupita. Yeye hukaa tena. Aliambiwa asihame.