Mistari Niliyoipiga Deki

Jirani yangu wa mlango wa pili ndiye aliyeniambia kwamba Mzee Chaki ni mwoga.

"Mwenzangu, huyo drili inamtoa jasho! Alikotoka walimfukuza. Anashinda akitambaa sakafuni kama mwanao, anachorachora, jioni eti fundi."

Nilicheka, maana huko kutambaa nilikuwa nimekuona kwa macho yangu. Nafanya usafi ghorofa ya tatu, binti yangu mgongoni, na wakati huo ukumbi mkubwa wa pale ulikuwa unagawanywa kuwa vyumba vya zahanati. Kuta mpya lazima zishikane na sakafu. Fundi anatoboa matundu, anapuliza vumbi, anatia gundi, anasimamisha vipande vya nondo, ndipo waashi wapandishe matofali. Kutoboa ni kazi ya Mzee Chaki. Lakini Jumatatu nzima hakutoboa hata tundu moja. Alisukuma kimashine chake chenye magurudumu, na kila kikilia, anachora mstari wa chaki ya bluu.

Jumanne niliwahi. Nikakuta sakafu imejaa mistari kama daftari la mtoto wa chekechea, nikaona aibu kwa niaba yake. Nikapiga deki mara mbili, ikang'aa.

Mzee Chaki akaja na drili begani. Alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Nani kafuta?" nyapara wa ujenzi akauliza nyuma yake.

"Mimi." Nikainua mkono.

"Basi mzee, toboa kwa kukumbuka. Waashi wanafika saa nne. Ukishindwa, fundi mwingine ninaye, ni simu tu."

Mzee Chaki aliweka drili chini. Alimgeukia binti yangu. "Mjukuu wangu, hebu sikiliza. Humu ndani ya zege kuna kamba za chuma, na kimashine hiki hulia kikizipata. Unamwona mama anavyovuta kamba ya kuanikia nguo? Hizi zimevutwa zaidi, na ndizo zinazoibeba sakafu. Ukikata moja, inaweza kuchomoka kwa kishindo na mtu akaumia, na sakafu inabaki dhaifu. Sasa wewe ungetoboa kwa kukumbuka?"

"Matundu yenyewe mafupi kama kidole!" Nyapara akapiga mguu chini karibu na nguzo. "Hapa, kwa mfano, utagusa nini?"

"Kwenye nguzo kamba zinapanda karibu na uso wa sakafu. Baki hapo hapo, bosi."

Akapiga magoti, akasukuma kimashine pole pole. Kikalia mbele ya kiatu cha nyapara. Akazunguka nyuma, kikalia kisiginoni. Akavuta mstari wa bluu mpaka ukagota kwenye soli.

"Naomba mguu, bosi, nimalizie."

Nyapara akauinua. Alisimama hivyo, mguu mmoja juu kama kuku kwenye tope, mpaka binti yangu akaangua kicheko. Kisha akatoa simu, akawaambia waashi waje mchana.

Asubuhi ile nilimshikia uzi wa kupimia. Alipomaliza kuchora upya, akazungusha utepe mwekundu juu kidogo ya ncha ya drili, ili ukigusa sakafu ajue kina kimetosha. Drili ilinguruma mpaka madirisha yakatetemeka, lakini mikono yake ilitulia kama ya mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Nilitafuta lile jasho alilolisema jirani yangu, sikuliona. Matundu sitini na mawili, na hakuna hata moja lililogusa bluu.

Waashi walipoanza kupanga matofali, aliniita pembeni. Mkononi alikuwa na brashi na kopo la rangi nyekundu.

"Mwanangu, namba nazijua, herufi zinanikimbia. Na chaki inafutika, wewe mwenyewe umenionyesha. Siku moja mtu atakuja hapa na drili yake, mimi sipo. Niandikie kwenye nguzo hii kwamba chini kuna kamba zilizovutwa, apime kabla ya kutoboa. Andika kubwa. Andika kama anayekuja ni huyo uliyembeba."