Siku Pilau ya Wazazi Ilipopikwa kwa Samadi

Nyie mnaoniita Samadi mpaka leo, na watoto wenu mmewafundisha, kaeni basi niwasimulie mwenyewe, maana mkasa wangu mnausimulia vibaya na mnautia chumvi pasipohitaji chumvi. Aibu niliiona, sikatai, niliiona mbele ya wazazi wote, mbele ya bodi ya shule na mbele ya mama yangu mzazi aliyekuwa amevaa kitenge kipya, na muhula mzima nikisikia mtu anacheka nyuma yangu najua anayechekwa ni mimi. Lakini kujuta ni kitu kingine, na hicho kwangu hamtakipata.

Shule yenyewe siitaji. Ilikuwa ya bweni, ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Dodoma, miaka ile ya ruksa, serikali imeshaachia biashara, kila mwenye uwezo amefungua duka au amenunua lori, na wazazi ndio kwanza wanaambiwa wachangie gharama. Mwenyekiti wa bodi yetu alikuwa mmoja wa hao wenye lori, mzee wa Makole pale mjini, mtu mwenye heshima zake, na lori lake ndilo lililokuwa na tenda ya kuleta kuni za jikoni kwetu. Sasa kuni ni biashara, na wachoma matofali wa mjini walikuwa wanalipa vizuri kuliko shule, kwa hiyo lori likawa bovu wiki nyingi kuliko lilivyokuwa zima (ubovu wa ajabu kweli, maana tulikuwa tunaliona likipita barabarani limejaa mpaka juu). Lori likiwa bovu, wanaokwenda kuni ni sisi, kila Jumamosi, panga na kamba mkononi, mpaka vilimani, na vilima vyenyewe vilikuwa vimebaki miiba na visiki tu.

Rafiki yangu Tatu, mtoto wa Kolo huko Kondoa, ndiye aliyelipia. Aliteleza na mzigo kichwani akaanguka korongoni, bega likatoka mahali pake, akakosa mtihani wa kidato cha pili, akarudia darasa. Msichana aliyekuwa ananifundisha mimi hesabu, nikamwacha nyuma. Hasira yangu yote mnayoisikia hapa ilianzia pale korongoni, na sijawahi kuiombea radhi.

Ndipo mwalimu wetu wa baiolojia akapata wafadhili wa kujenga mtambo wa gesi ya samadi. Shule ilikuwa na ng'ombe wake, kwa hiyo unazoa samadi, unaikoroga na maji, unaimimina kwenye shimo lililofunikwa, inachachuka humo ndani, gesi inapanda kwenye bomba mpaka jikoni, na uji unaobaki unatokea kwenye tundu la upande wa pili, unakwenda bustanini kuwa mbolea. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa klabu ya mazingira, kwa hiyo kukoroga ilikuwa kazi yangu na ya Tatu, na jina la Samadi nililipata hapo, kabla hata ya mkasa. Nilikoroga kwa moyo wote, maana kila ndoo niliyomimina niliiona ni Jumamosi moja Tatu haendi korongoni.

Mwenyekiti wa bodi hakuupenda mtambo ule, na sababu hamhitaji niwaambie. Akasema ni mchezo wa watoto, jiko la kupikia uji wa mgonjwa, na mkutano wa wazazi ndio utakaoamua, gesi iendelee au turudi kwenye kuni moja kwa moja. Mkuu wetu wa shule (mama mmoja mkali lakini mwenye akili sana) akasema vizuri, chakula chote cha mkutano kitapikwa kwa gesi, pilau ya nyama na chai, wale washibe, halafu ndipo tuwaonyeshe moto. Akaniita ofisini.

"Sechelela," akasema, "mpaka wamalize kula, wewe unajua neno moja tu. Gesi. Inatoka wapi, utawaambia baadaye."

Nikasema sawa, Madam.

Tatizo, ilikuwa kiangazi. Ng'ombe walikuwa wamepelekwa mbali kufuata majani na maji, samadi ikapungua, na moto wa jikoni ukawa unakohoa, mara upo, mara haupo. Mpishi akaniambia wazi kwamba kwa moto ule hata maharage hayatajua kama yamewekwa jikoni. Ilikuwa Alhamisi, mkutano ni Jumamosi. Mimi kichwani nikafanya hesabu yangu ya kijinga: kama gesi inatokana na kitu kuchachuka, basi kitu ambacho tayari kimechachuka kitaleta gesi upesi zaidi, na nyuma ya uzio wa shule alikuwepo mama mmoja anayepika pombe ya mtama, na machicha ya pombe yake alikuwa anawamwagia nguruwe.

"Wewe una wazimu," Tatu akaniambia. "Na mimi machicha siyashiki, dini yangu hainiruhusu. Nitakusindikiza tu."

Akanisindikiza. Tukapita kwenye tundu la uzio, nikamsalimu yule mama, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikaomba machicha, akanipa akicheka, na mimi badala ya kutia kidogo kama mtu mwenye akili nikatia ndoo baada ya ndoo, na juu yake nikamalizia na ugali na maharage yaliyobaki bwaloni. Mwalimu sikumwambia, nilitaka nimshangaze.

Basi niwaambie ukweli, Jumamosi asubuhi moto ulikuwa mzuri. Ulikuwa wa buluu, umesimama, unavuma kwenye jiko mpaka mpishi akaanza kuimba. Pilau ikaiva mapema, chai ikachemka, nikatoka jikoni nimevaa sketi iliyopigwa pasi nikijiona waziri. Turubai la wageni lilikuwa limefungwa karibu na jiko kwa makusudi, ili waone wenyewe hakuna moshi. Mama yangu alikuwa kiti cha mbele. Mama alikuwa karani wa ofisi moja ya serikali, tunakaa Kikuyu, mtaa wa hapohapo Dodoma, mtu wa mkoba na viatu vinavyong'aa, na alikuwa ameshawaambia wenzake wa pembeni kwamba mwenyekiti wa klabu ni binti yake.

Watu wamepewa sahani, wanakula, mwenyekiti wa bodi anakula kuliko wote, ndipo ile harufu ikaja. Mwanzoni ya mbali. Halafu ikakaa. Haikuwa ya samadi (samadi Dodoma nani anaishangaa), ilikuwa ya kilabu cha pombe siku ya mnada. Nikageuka kuangalia kule mtamboni, na kule nikaona uji wangu umefura, una povu, unatoka kwenye tundu lake, umeshaupita mfereji wa bustani na unateremka taratibu kabisa kuelekea kwenye turubai. Gesi ilikuwa imejaa mno ndani, ikausukuma uji nje. Niliona, nikajua ni machicha yangu.

Ulifika kwenye viatu vya mwenyekiti wa bodi kwanza. Kati ya viatu vyote vya wazazi wa mkoa huu.

Akainuka, akaangalia chini, akanusa. "Mkuu wa shule," akasema, "hii ni pombe. Wasichana hawa mnawafundisha kupika pombe?"

Wazazi wakaanza kuguna. Kesi ya pombe maana yake ni kufukuzwa shule, na macho ya Madam yakanitafuta mpaka yakanipata. "Sechelela. Njoo ueleze."

Sasa mimi kwa woga wa kufukuzwa, lile neno moja nililopewa likaniruka kichwani. "Si pombe, mzee," nikasema, tena kwa sauti ya mstarini, "ni mavi ya ng'ombe. Pombe ni machicha tu, nilitia kidogo ili gesi iongezeke."

Mama mmoja wa nyuma, kijiko kikiwa hewani, akauliza polepole kama mtu asiyetaka jibu, "Gesi ipi, mwanangu?"

"Hii iliyopikia pilau."

Jamani. Sahani ziliwekwa chini zote kwa pamoja. Mzee mmoja mwenye kofia akawa anamuuliza mwenzake kama chakula cha moto wa najisi kinalika, mwenzake anasema mimi nimeshameza, usiniulize. Wengine wakatema kwenye leso. Mwenyekiti wa bodi akapanda juu ya kiti, viatu vikitona, akatangaza kwamba wazazi wamejionea wenyewe, watoto wao wanalishwa kinyesi, wenye akili watarudi kwenye kuni.

Hapo ningenyamaza. Mtu mwingine angenyamaza. Lakini nilimwona Tatu kwenye mstari wa nyuma amelishika lile bega lake, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Na ninyi wenyewe," nikasema, "nani hapa hajalala kwenye nyumba ya tembe iliyosilibwa kwa mavi ya ng'ombe? Mlikula humo, mkazaliwa humo, leo mnatema pilau. Kuni mnazozitaka tunazifuata sisi, lori la mzee linapeleka za kwake kwa wachoma matofali."

Mwenyekiti akateremka kwenye kiti. Hakupaza sauti. "Mtoto wa nani huyu?"

Katika mkasa wote, hapo ndipo palipouma. Kwa sababu kiti cha mbele kilisogea, mama yangu akasimama na kitenge chake kipya, akasema, "Wa kwangu." Akachukua mkoba akaondoka, na aliponipita akaniambia kwa sauti ndogo, "Umenivua nguo mbele za watu, Sechelela."

Uamuzi ulitoka siku ileile: jiko la gesi lifungwe, kuni zirudi, na kwa utovu wa adabu klabu nzima ya mazingira itangulie kwenda kuni kila Jumamosi mpaka muhula uishe. Klabu nzima, na Tatu akiwemo. Nilimwambia Tatu nisamehe, akaniambia tatizo lako si ulichosema, tatizo lako ni ndoo. (Pilau, kama mnataka kujua, wanafunzi waliimaliza mpaka ukoko, na hakuna aliyeumwa tumbo.)

Jumamosi iliyofuata tunatoka getini na kamba zetu, nikamkuta mama yangu amesimama. Hana mkoba. Amejifunga khanga mbili za zamani, ana ndala na panga. Wenzangu wakamwamkia, akaitikia, mimi aliponitazama nikaangalia chini.

"Nimekuja kuona hicho kilichokutoa adabu," akasema. "Twende."

Tukapanda naye vilimani. Alikata, akafunga, akajitwika kama sisi, jua likatuwakia, miiba ikamchana mikono ile ya kupigia chapa. Tulipofika kwenye korongo, ambalo nilishamsimulia zamani, alisimama akauliza, "Hapa ndipo?" Tatu akasema ndiyo mama, hapa. Mama akateremka ameshika ukingo kwa mkono mmoja, akapanda ng'ambo anahema, akatungoja sote tuvuke, na macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani lilikuwa vumbi.

Nilidhani sasa tunarudi shule. Mama akashika barabara ya mjini. Tukamfuata, mstari mzima wa wasichana na kuni vichwani, tukaingia Makole watu wanatoka madukani kututazama, mpaka barazani kwa mwenyekiti wa bodi aliyekuwa anakunywa chai na wageni wake. Mama akautua mzigo wake miguuni pake.

"Shikamoo mzee," akasema. "Kuni zako hizi. Nimezifuata mimi mwenyewe, mzazi. Jumamosi ijayo namwomba na mama wa nyumba hii tufuatane naye, na Jumamosi nyingine wake za wajumbe wote wa bodi, mpaka lori lako lipone."

Mke wa mwenyekiti alikuwa mlangoni ameshika birika. Akamtazama mumewe, akatutazama sisi, akarudi ndani bila kummiminia.

Ndipo nikajua huu mdomo nimeutoa wapi.

Jiko la gesi lilifunguliwa kabla muhula haujaisha. Nani alizungumza na nani sikuambiwa, ila niliambiwa nani atasafisha lile shimo, na nililisafisha mwenyewe kwa ndoo na kwa mikono, mpaka harufu ya machicha ikanitoka akilini. Tatu hakuvuka tena lile korongo. Mtihani wa kidato cha nne alifanya mwaka mmoja nyuma yangu, akanipita alama, na mpaka leo ananikumbusha.

Kwa hiyo nyie chekeni tu. Ninachoapa ni kimoja, machicha sitii tena kwenye mtambo wowote, na kabla sijashangaza mtu nitauliza kwanza anayejua. Yale mengine yote ningeyasema tena, kwa sauti ileile.

Na mama yangu? Siku ya mahafali yangu alikuja na kitenge kilekile, akakaa kiti kilekile cha mbele, akaletewa kikombe cha chai kutoka jiko la gesi. Akashukuru vizuri, halafu nikamwona anaimwaga polepole kwenye maua. Nikamwuliza, mama, si wewe uliyeipigania hii gesi?

"Nilipigania migongo yenu," akasema. "Chai yenu sikuitaja."