Uma, Mama

Siku yangu ya kwanza kazini, Mganga Mfawidhi wa kituo chetu cha afya wilayani Mbulu alinikabidhi koleo la kung'olea meno kabla hajanionyesha hata pa kutundika koti.

"Kazi ya meno huku ni kung'oa," akasema. "Hayo ya kuziba uliyosomea, utayafanya ukipata nafasi."

Nafasi niliipata, na mkono wangu ulikuwa mzuri. Nalisema bila haya, maana wapo wanaotafunia kazi yangu mpaka leo.

Ninyi vijana mna mitambo. Sisi tulichonga sehemu iliyooza, tukakausha, tukashindilia dawa ya kuzibia, kisha mgonjwa akauma karatasi ya rangi. Panapobaki alama nzito, hapo dawa imezidi kimo, unaipunguza. Ndiyo hatua ndogo kuliko zote, na ndiyo iliyoniumbua.

Mama Paulina alitoka Bashay na gego lililotoboka. Lilikuwa gego lake la mwisho la chini. Mengine yote ya chini yalishang'olewa. Nilimchoma sindano ya ganzi, nikaziba, nikaweka karatasi juu ya jino.

"Uma, mama."

"Haliumi, daktari."

"Uma kidogo tu."

"Hata kidogo haliumi. Asante sana."

Nikafurahi kusifiwa, nikatoa karatasi bila kutazama kama imeacha alama, nikamwita mwingine.

Baada ya wiki mbili alirudi ameshika shavu. Angekuwa anashtuliwa na maji ya baridi siku chache za kwanza, ningemwambia avumilie, jino lililochongwa huwa hivyo. Lakini yeye aliumia kila akitafuna, na maumivu yalizidi badala ya kupungua.

Mfawidhi akachungulia mlangoni. "Ng'oa, apumzike."

"Mwanangu," Mama Paulina akaniambia, "ukilitoa hili, nitakunywa uji mpaka nife."

Nikamwomba Mfawidhi dakika kumi. Akasimama palepale kunitazama. Nikaweka karatasi.

"Uma, mama."

"Linauma sana. Si nimeshakwambia?"

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nyumbani kwake ni Kiiraqw, Kiswahili alijifunzia sokoni. Mimi nilimwamuru, yeye alisikia nauliza. Siku ile ganzi ilikuwa imemshika, akanijibu kweli tupu, na hakuwa ameuma chochote.

"Funga meno," nikasema, "kama unatafuna mahindi."

Alama ikatokea nyeusi tii. Nikachonga kidogo, nikapima, nikachonga tena. Mama Paulina akatafuna hewa, akatulia, akatafuna tena.

"Limenyamaza," akasema.

Mfawidhi alirudisha koleo kabatini kwa mkono wake. "Kuanzia leo, katika chumba hiki tunasema mahindi."

Nilihamishiwa Katesh, nikazunguka mpaka Gendabi kuziba meno ya wafugaji na wakulima, na kila niliyemfundisha kazi nilimfundisha na maneno hayo. Kisha nikastaafu, nikarudi kwenye ng'ombe wangu.

Majuzi jino langu mwenyewe lilitoboka. Pale Katesh nilimkuta tabibu binti, hanijui kabisa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Akaziba vizuri, taratibu, akaweka karatasi. "Funga meno, babu, kama unatafuna mahindi."

Nikamuuliza nani alimfundisha kusema hivyo.

"Hakuna, babu. Hapa ndivyo tunavyosema."

Nikafunga meno, nikayatafuna mahindi yangu. Machozi yakanitoka, naye akadhani ganzi imeisha.