Shavu la Mama Wiki ya Picha

Shavu la mama lilianza kuvimba siku ya pili baada ya kushushwa na boti ufukweni mwa ziwa, upande wa Bangwe karibu na Ujiji, tukiikimbia Burundi. Jino la nyuma lilikuwa bovu siku nyingi. Nyumbani alilituliza kwa karafuu. Pale chini ya turubai, karafuu ya nani?

Na ilikuwa wiki ya picha. Kila mkuu wa kaya apigwe picha, ibandikwe ubaoni Ujiji, waliopotezana wapate kutafutana. Baba tulipotezana naye siku ya kukimbia. Kusoma hakujua, hivyo jina chini ya picha lisingemsaidia kitu. Angetafuta uso.

"Hili shavu lishuke kabla ya Ijumaa," mama aliniambia. "Baba yako atanijuaje?"

Mama wa turubai la jirani akatufundisha: chumvi ya Uvinza ikaangwe, ifungwe kitambaani, akandwe ingali moto. Mimi, binti wa miaka kumi na miwili, nikajiona daktari. Nilikanda asubuhi, mchana, jioni. Mama alipojikunja nilimgombeza, nikamwambia dawa chungu ndiyo inayoponya. Kiburi gani kile, jamani! Aliuma pindo la kitenge.

Ijumaa jicho la kushoto lilikuwa limefumba kabisa na mdomo umekwenda upande. Nilimsihi mpiga picha angoje wiki moja tu. Akasema orodha haingoji mtu. Mama akashusha kilemba kuficha shavu, akaambiwa akivue.

Jino lilikuja kung'olewa zahanati, usaha ukatoka, uvimbe ukaisha. Mganga aliposikia habari ya chumvi aliguna. Jino lenye usaha halikandwi kwa moto, alisema. Mngemwekea kitambaa cha maji baridi, mkawahi kumleta. Maji baridi! Ziwa zima lilikuwa miguuni petu.

Tukahamishiwa kambi ya bara, mbali na ziwa. Mwaka wa tatu tukakutana sokoni na mtu wa kilima chetu kule Burundi. Alifurahi, kisha akaduwaa. Alisema alisimama na baba mbele ya ule ubao. Baba alipitisha kidole picha moja moja, akafika kwa mwanamke aliyevimba shavu, jicho limefumba, akatua kidogo.

"Maskini, huyu naye," baba akasema, akapita.

Alivuka kwenda kututafuta Kongo. Hatukupata habari zake tena.

Mama hakunilaumu hata siku moja, na bora angenilaumu. Siku ile sokoni alishika tu shavu lake, ambalo halikuwa na hata alama.