Nesi Aliyetupima Presha

Jirani yangu hapa Itaka ni nesi mstaafu. Kwa miaka mingi, tukitoka kanisani, alitupima presha barazani kwake, vidole vyake vikavu vikitufunga mkanda wa kipimo mkononi taratibu, kichwa amekiinamisha. Sauti yake ilikuwa ya chini lakini haikubembeleza: punguza chumvi, tembea, acha sigara, presha ikiachwa inaharibu hata kumbukumbu. Yake mwenyewe aliipima mara chache. Masikio yalipoanza kuziba aliacha kwenda kwenye kikundi cha akina mama, akidai wanamchosha kwa kunong'ona, nasi tukamwacha. Siku hizi anatia chumvi kwenye chai, na akienda shambani husimama katikati ya mibuni yake akiangalia huku na huku kama mgeni.

Jumapili iliyopita nilimkuta sebuleni amemfunga mkanda Atupele, bintiye wa pekee, aliyefunga duka lake Tunduma ili aje kumtunza. Mikono ya nesi haikukosea kitu. Alibonyeza pampu, akatazama mshale, akatikisa kichwa.

"Pole, dada. Presha yako imepanda. Umekuja na nani?"

"Nimekuja na mama yangu," Atupele alijibu kwa sauti kubwa ili asikie.

"Yuko wapi?"

Atupele alimshika mkono. "Yuko hapa."

Nesi aligeuka, akatazama mlangoni kwa muda.

"Mwite aingie," akasema. "Nje kuna baridi, na huyo ni mtu mzima."