Kuku Aliyeishtaki Mvua

Shangazi yangu Bi Sundus amesoma kitabu kimoja tu maishani, na kwa bahati mbaya kitabu chenyewe hakionekani. Shule aliiacha darasa la nne, mama yake alipohitaji mikono ya kumsaidia kazi ya bajia. Leo ana miaka hamsini na sita, anapaka hina na piko, na maharusi wa Amu na Shela wanamgombania. Kutosoma hakujawahi kumtia haya. "Kimoya nimesoma," husema. "Wengine wana zitabu tele kabatini, hawajafungua hata kimoya."

Kitabu chake kinahusu kuku mwenye miwani anayeishtaki mvua kwa kumloweshea mayai. Mvua inajitetea kortini kwamba haina kosa: jua liliitoa baharini, likaipandisha juu, huko ikapoa, ikaanguka bila kupenda. Hakimu anasimama atoe hukumu, na hapo Bi Sundus anakwama. Mbele hakumbuki. Kila bibi harusi aliyeketi mbele yake amekisikia kisa hiki, maana hina ikishapakwa huruhusiwi kusogea, na mtu asiyeweza kusogea atasikiliza lolote.

Adui mkubwa wa kitabu hicho ni baba yangu, Bwana Nabhan, kaka yake. Miaka arobaini anamwimbia wimbo ule ule: "Sundus, hakuna kitabu hicho. Umekiota." Sisi wote hucheka. Mwezi uliopita akarudia tena, nikacheka kama kawaida, kisha nikaona shangazi hacheki.

"Wafaa," shangazi akaniita kwa jina langu baba alipotoka, "kama hakiko, basi mimi sijasoma kitu."

Niliona aibu mpaka masikio yakanichoma. Nikaapa kukitafuta.

Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la wanawake wa mtaa, na balaa likaanza hapo. Mmoja akasema si kuku, ni mbuzi. Mwingine akaapa kuku anamjua vizuri sana, ila alikuwa na baiskeli, si miwani. Binamu yetu wa Maskati akatuma sauti ya dakika tisa kuhusu kitabu cha mamba. Bi Shifaa wa Mbwajumali alidhani tunatafuta kuku kweli, akatuma picha za kuku wake kumi na wawili, kila mmoja na jina lake, na tukabishana mpaka magharibi yupi angefaa miwani. Siku ya tatu mtu mmoja mwenye akili timamu akatuelekeza kwa Mwalimu Wairimu, mwalimu mstaafu wa Mokowe, ng'ambo kule bara, ambaye hakuwahi kutupa kitabu cha shule tangu aanze kazi.

Tukavuka Jumatano. Bi Sundus alivaa buibui la Idi na kujipulizia manukato utadhani anaenda kuposwa. Ndani ya boti alianza kuwahadithia abiria. Mvua ilipofika kujitetea, nahodha naye alikuwa amegeuza shingo anasikiliza, akasahau kupunguza mwendo, tukagonga gati sote tukaangukiana mapajani.

Mwalimu Wairimu alitufungulia sanduku la bati. Hatukukaa robo saa akachomoa kitabu cha kusoma cha darasa la pili, na ndani yake, kuku! Amesimama, shingo juu. Bi Sundus akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani. Kisha akainamia ile picha, sura ikamshuka.

"Kuku wangu ana miwani, Mwalimu. Huyu mato matupu."

"Na hakuna korti humu," akasema Mwalimu Wairimu. "Huyu alipoteza mayai, akayapata, basi." Akafikiri kidogo, akachimba tena, akatoa kitabu cha uraia. Hakimu huyo, na joho lake na miwani mikubwa. Akatoa cha jiografia. Mvua hiyo: jua, bahari, mishale inapanda, mishale inashuka. Vitabu vitatu tofauti.

"Bi Sundus, ulisoma wapi?"

"Nyumbani. Mama alikuwa akinunua zitabu zikuukuu za kufungia bajia. Kazi yangu kuchana na kukunja. Karatasi mbili mbili, mafuta yasivuje."

Mwalimu Wairimu akamtazama. Akaomba radhi kwa vitabu vyake, akachana ukurasa wa kuku na ukurasa wa hakimu. Akazipaka mafuta ya kupikia kwa kidole mpaka zikapitisha mwanga, akaziweka moja juu ya nyingine, akaziinua dirishani.

Kuku akavaa miwani.

Sijui nani alianza kucheka. Najua Mwalimu Wairimu alikaa chini sakafuni, na Bi Sundus alicheka mpaka machozi, akizishika karatasi zile na kuzinusa. Nilicheka hata mbavu zikauma. Tulipopata pumzi, Mwalimu Wairimu akasema pole pole, "Basi hiki hukukisoma, dada yangu. Hiki umekitunga."

Kurudi, Bi Sundus alikaa nyuma ya boti, mbali na abiria, akitazama maji. Nami nikaogopa kwamba nimemnyang'anya kitabu chake cha pekee.

Baba alikuwa nyumbani akitungoja, na habari ilikuwa imeshamfikia kwa simu. "Nilisema mimi!" akajipiga kofi pajani. "Nilisema hakuna kitabu!"

"Kweli, kaka," akasema Bi Sundus. "Hakiko."

Akatoa bakuli na chekecheke, akaanza kuchunga hina, kwa kuwa kesho yake alikuwa na bibi harusi, Razan. Baba akafurahia ushindi wake kidogo. Akazunguka chumba, akaenda mlangoni, akavaa kiatu kimoja, akarudi.

"Sundus," akasema, akijikuna kidevu. "Sasa yule kuku... alishinda kesi?"

Miaka arobaini jibu lilikuwa "sikumbuki." Bi Sundus akaendelea kuchunga, tabasamu limemjaa uso mzima.

"Sijaamua," akasema.

Baba akavua kile kiatu, akavuta kiti, akakaa karibu yake.